Tung'oe au tuokoe? Historia ya jino lililosingiziwa kila ugonjwa

Daktari wa meno ameitazama eksirei yako, akavua glavu, akakuuliza: tung'oe au tuokoe? Watu wengi huku kwetu jibu wanalo tayari. Ng'oa, yaishe. Kung'oa ni dakika chache na bei yake inajulikana; kuokoa ni kwenda na kurudi, na gharama yake si mchezo. Halafu kuna sababu ya tatu, ambayo daktari haisikii kwa kuwa mgonjwa huisema akishafika nyumbani: jino likishatibiwa mzizi linakuwa maiti mdomoni, litakuletea ugonjwa wa moyo, baridi yabisi, hata saratani. Pengine na wewe umewahi kutumiwa ujumbe wa namna hiyo kwenye WhatsApp, wenye alama ya kwamba umepitishwa mara nyingi.

Maneno hayo yana ukoo. Hayakuanzia kwenye simu, wala kwa waganga wa mtaani. Yalianzia kwa maprofesa na madaktari wakubwa wa Uingereza na Marekani, yakatawala hospitali kwa zaidi ya miaka 20, na watu wengi sana wakazeeka bila meno kwa ajili yake. Namna yalivyopata nguvu, na namna yalivyoangushwa, ni kisa ambacho kila anayesoma sayansi anapaswa kukijua, hata kama hana mpango wa kushika koleo la meno maishani mwake.

Kwanza tuelewane kuhusu jino lenyewe. Kwa nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwako. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna uwazi mwembamba wenye kiini laini: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na seli hai. Kiini hicho kinaingia kwenye jino kupitia tundu dogo sana kwenye ncha ya mzizi. Hapo ndipo penye tatizo. Kidole kikivimba, kina nafasi ya kuvimba. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kikivimba hakina pa kwenda, ndiyo maana maumivu yake yanamfanya mtu mzima atembee chumbani usiku kucha ameshika shavu. Kikifa, maumivu yanaweza kukoma kabisa, ukadhani umepona. Kumbe ndani kumebaki chumba kisichofikiwa na damu tena, chenye joto na unyevu na chakula cha kutosha kwa bakteria. Askari wa mwili hawafiki humo, na dawa za kumeza hazifiki vilevile, kwa sababu zote husafiri kwa damu. Bakteria wakishamaliza chumba wanatokea kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuulaza mfupa wa taya. Usaha unaanzia hapo.

Matibabu ya mzizi, yale mengi tunayaita ruti kanali, ni wazo rahisi tu: toboa jino, toa kiini kilichooza, safisha mfereji mpaka nchani, uzibe kabisa. Wazo ni rahisi. Ila ili ulifikie, lazima kwanza ujue adui ni nani, na kwa maelfu ya miaka binadamu alikuwa anamjua adui tofauti.

Mdudu

Kuna kibao cha udongo cha Babiloni, kipo British Museum, chenye kisa cha mdudu aliyekataa matunda aliyopewa na miungu, akaomba aishi kati ya jino na ufizi. Hiyo ilikuwa ni dua ya kusomwa kwa mgonjwa wa jino. Imani ya mdudu wa jino ilienea India, China, Misri na Ulaya, na usicheke, kwa sababu Kiswahili chetu bado kinayo: jino "limeliwa na mdudu". Dawa iliyokubalika sehemu nyingi ilikuwa kufukiza. Mbegu fulani ziliwekwa kwenye makaa, mgonjwa akaachama juu ya moshi, na baadaye kwenye bakuli vikaonekana vitu vyeupe vidogo. Wadudu wametoka! Wachunguzi wa baadaye waliona kwamba vile vyeupe vilikuwa ni viini vya mbegu zenyewe vilivyopasuka kwa joto.

Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye kitabu chake cha 1728 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa tiba ya meno ya kisasa, alitafuta wadudu hao kwa hadubini na hakuwaona. Akasema hivyo waziwazi. Fauchard alikuwa pia anafungua meno yenye usaha, anayaweka mafuta ya karafuu au mdalasini, kisha anayaziba kwa risasi. (Karafuu hizo hazikutoka Zanzibar. Mikarafuu ilifika Unguja karne iliyofuata.) Mtu huyohuyo alishauri wagonjwa wasukutue kwa mkojo wao. Historia ya sayansi ndivyo ilivyo, unapokea vyote.

Karne ya 19 ilikuwa ya mafundi. Mwaka 1836 Shearjashub Spooner alipendekeza arseniki kwa kuua kiini cha jino, kwa kuwa ganzi haikuwepo: unaweka sumu, unafunika, unasubiri siku kadhaa, kiini kikifa ndipo unakitoa bila mgonjwa kupiga kelele. Ikivuja kidogo, inaua na ufizi na mfupa. Mwaka 1838 Edwin Maynard wa Washington alichukua springi ya saa, akainoa ikawa kijisindano chembamba cha kukwangulia mfereji wa mzizi. Mwaka 1864 Sanford Barnum wa New York, akichoshwa na mate yanayoingia kwenye jino analoliziba, alikata kipande cha mpira, akakitoboa tundu na kulipitisha jino. Jino likabaki peke yake, kavu, limejitenga na mdomo wote. Barnum angeweza kujitajirisha kwa kifaa kile. Akakitoa bure kwa wenzake. Mpaka leo, ukitaka kujua kama kliniki inafanya kazi ya mzizi kwa umakini, angalia kama wanatumia karatasi hiyo ya mpira.

Cha kujazia nacho kina safari ndefu. Gutapacha ni utomvu wa mti wa visiwa vya Malaya, unalainika ukipashwa moto na kukaza ukipoa. Wazungu walioupokea katikati ya karne ile waliutumia zaidi kufunika nyaya za simu za chini ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi hayauozeshi. Waya wa telegrafu uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ni wa enzi hiyohiyo ya gutapacha. Na mwaka 1867 G. A. Bowman wa Missouri alikuwa ameshaanza kuujaza kwenye mizizi ya meno. Nyaya za bahari zilishahamia plastiki zamani. Kwenye jino, gutapacha bado ipo.

Kwa hiyo kufikia 1890 vifaa karibu vyote vya msingi vilikuwepo, na adui naye alikuwa amejulikana. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin karibu na maabara ya Robert Koch, alichapisha mwaka huo kitabu kikubwa kuhusu vijidudu vya mdomoni. Alionyesha kwamba bakteria hula sukari na wanga, hutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha jino. Miaka michache baadaye akawaonyesha bakteria ndani ya viini vilivyooza. Miller aliandika pia kwamba mdomo unaweza kuwa chanzo cha maambukizi ya sehemu nyingine za mwili. Zingatia hapo: hakusema ng'oeni. Alisema safisheni na mzibe.

Wengine walisikia nusu ya kwanza tu.

Hotuba ya Montreal

Oktoba 1910, daktari wa London aitwaye William Hunter alialikwa kuhutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Hakuwa daktari wa meno, alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani. Na alikuja na hasira. Enzi hizo matajiri walikuwa wanapenda dhahabu mdomoni: vifuniko na madaraja ya dhahabu yaliyojengwa juu ya mizizi iliyooza, ufizi umevimba, usaha unatoka, na mgonjwa hawezi kuvua kitu hicho akakisafisha. Hunter alisema kazi ile nzuri ya mikono ilikuwa inafukia uchafu, na kwamba aliona wagonjwa wenye upungufu wa damu, matatizo ya tumbo na maumivu ya viungo wakipata nafuu uozo ule ulipoondolewa.

Kwa haki, alikuwa na hoja. Kazi nyingi za meno wakati huo zilikuwa mbovu. Eksirei ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895 tu, na madaktari wengi wa meno walikuwa bado wanajaza mizizi kwa kubahatisha, hawaoni walikofika. Edmund Kells wa New Orleans alikuwa ameshaitumia eksirei kuangalia kama mfereji umejaa mpaka mwisho, akalipa kwa kupoteza vidole na hatimaye mkono kwa saratani ya mionzi. Lakini wa aina ya Kells walikuwa wachache.

Tatizo ni kilichofuata. Frank Billings wa Chicago aliichukua hoja, akaipa jina ambalo tunaweza kulitafsiri kama nadharia ya kitovu cha maambukizi: mahali padogo penye bakteria, kama jino au tonsili, panamwaga sumu kimyakimya na kusababisha ugonjwa mbali na hapo. Edward Rosenow wa Mayo Clinic akadai zaidi, kwamba bakteria wa jino wana kiungo wanachokipenda: wakitoka kwa mgonjwa wa viungo, ukimdunga sungura, watakwenda kwenye viungo vya sungura. Wenzake walijaribu kurudia matokeo hayo, wakashindwa.

Mtu wa kumkumbuka zaidi ni Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland. Alichukua meno yaliyotibiwa mizizi ya watu wagonjwa, akayazika chini ya ngozi ya sungura. Sungura wakaugua, wengi wakafa. Mwaka 1923 akatoa vitabu viwili vinene vyenye picha na michoro, na ukivifungua leo bado vinatisha. Sasa hebu jiulize swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeulizwa na msimamizi wake. Jino limepita kwenye mdomo wenye mabilioni ya bakteria wakati wa kung'olewa. Je, bakteria waliomuua sungura walikuwa ndani ya mzizi, au waliparamia njiani? Na je, ukizika jino zima lisilo na ugonjwa, au kipande chochote kichafu, sungura atapona? Walioyarudia majaribio hayo kwa usafi na kwa kundi la kulinganishia hawakupata aliyoyapata Price.

Majibu hayo yalichelewa. Katika miaka ya 1920 daktari aliyeshindwa kueleza ugonjwa wako alikutuma kung'oa meno. Maumivu ya mgongo, ng'oa. Uchovu, ng'oa. Jino lenye kiini kilichokufa lilihukumiwa bila kuangaliwa, na mara nyingi mazima ya jirani yakaenda nalo kwa tahadhari. Shule za tiba ya meno zikapunguza kufundisha kazi ya mzizi. Palikuwa na haja gani kumfundisha mtu kuokoa kitu cha hatari?

Kilele chake ni New Jersey, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton. Mkuu wake, Henry Cotton, aliamini kwamba wazimu ni sumu ya bakteria inayofika kwenye ubongo. Akaanza na meno. Mgonjwa asipopata nafuu akaondolewa tonsili, kisha sehemu ya utumbo mpana, na ripoti zake mwenyewe zilionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watatu wa hao wa utumbo walikufa. Cotton akatangaza kuponya wengi sana. Mwaka 1924 Phyllis Greenacre, daktari kijana kutoka Johns Hopkins, alipewa kazi ya kuchunguza takwimu zile, akafuatilia wagonjwa mmoja mmoja na kukuta kinyume: waliotibiwa zaidi ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Ripoti yake ilikaliwa na mkubwa wake, haikuchapishwa. Cotton aliendelea na heshima zake mpaka kifo chake mwaka 1933. Usifikiri alikuwa tapeli. Aling'oa hata meno ya watoto wake wa kiume ili kuwakinga. Aliamini kabisa, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko utapeli.

Wapinzani walikuwepo. Kells, yule wa eksirei, alipiga kelele kabla hajafa mwaka 1928. Lakini kelele hazishindi nadharia, namba ndizo zilizoishinda. Mwaka 1936 E. Wilfred Fish na mwenzake MacLean walichoma kwa moto ufizi unaozunguka jino kabla ya kuling'oa, ili bakteria wa ufizini wasisukumwe ndani wakati jino linapotikiswa. Bakteria waliokuwa wanaonekana kwenye meno mazima wakatoweka. Kumbe sehemu kubwa ya "ushahidi" ilikuwa inatengenezwa na koleo lenyewe. Mwaka 1938 Russell Cecil wa New York na mwenzake Angevine waliwafuatilia wagonjwa 200 wa baridi yabisi ya viungo. Waliong'olewa meno, wengi mno kati yao hawakupata nafuu yoyote. Cecil mwenyewe alikuwa ameiunga mkono nadharia hiyo huko nyuma. Kisha mwaka 1940 Hobart Reimann na Paul Havens waliipitia hoja nzima katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani na kukuta haisimami. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1943, kikundi kidogo cha madaktari wa meno walikutana Chicago na kuunda chama cha wanaotibu mizizi.

Panya

Nadharia ilikuwa imeanguka, ila swali la msingi lilibaki wazi. Kwa nini kiini kikishafunuliwa kinakufa? Wapo walioamini kiini ni dhaifu kwa asili yake: kikiguswa tu na hewa, mate au chakula, kimekwisha. Kama ni hivyo, kuokoa jino ni kuchelewesha msiba. Kama ni bakteria, basi ni kazi ya usafi, na usafi unaweza kufundishwa.

Mwaka 1965, Bethesda, Marekani, watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitumia kitu ambacho Price hakuwa nacho: panya wasio na bakteria hata mmoja, waliozaliwa na kulelewa ndani ya vyumba vilivyofungwa, hewa inachujwa, chakula kinachemshwa. Walikuwa panya 21 wa aina hiyo na 15 wa kawaida. Wote wakatobolewa gego la juu kwa keki ndogo mpaka kiini kikawa wazi. Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, hawakuyaziba. Waliwaacha wale, chakula na nywele na takataka zikajisindika ndani ya tundu.

Kwa panya wa kawaida, kufikia siku ya 8 kiini kilikuwa kimeanza kufa, usaha ukafuata, wakaishia na majipu. Kwa panya wasio na bakteria, chakula kilekile, tundu lilelile, makombo yaleyale: kiini kilibaki hai. Kufikia siku ya 14 kilianza kujenga dentini mpya, na wiki moja au mbili baadaye tundu lilikuwa limezibwa na daraja la dentini, jino limejifunga lenyewe. Hakuna dawa. Hakuna kujaza.

Rudia kusoma aya hiyo ukipenda. Panya 36, na ubishi mrefu ukakatwa, kwa sababu tu safari hii kulikuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Hewa haiui kiini. Chakula hakiui kiini. Mwaka 1976 Göran Sundqvist wa Umeå, Sweden, alithibitisha kitu hichohicho kwa watu: alichukua meno 32 yaliyokufa kwa kugongwa lakini hayakutoboka. Katika 19 yenye mfupa ulioliwa kwenye ncha ya mzizi, 18 yalikuwa na bakteria, wengi wakiwa wa aina isiyopenda hewa. Yale ambayo mfupa wake ulikuwa mzima hayakuwa nao. Kwa maneno mengine, kiini kilichokufa pekee, bila bakteria, hakikuleta madhara. "Maiti mdomoni" siye mhalifu.

Huku kwetu

Weston Price ana mguu wake Afrika Mashariki. Mwaka 1935 alizunguka Kenya, Uganda, Kongo na Sudan akikagua midomo ya watu, Wamaasai wakiwemo, kwa ajili ya kitabu chake cha 1939 kuhusu chakula na afya. Alikuta kwa Wamaasai meno yaliyotoboka hayafiki moja kwa kila 100. Sehemu hiyo ya kazi yake, kwamba sukari na unga mweupe ni balaa kwa meno, imezeeka vizuri kuliko sungura wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa sahihi kwenye chakula na akakosea kwenye mizizi. Wanaosambaza jumbe leo humtaja Price kama mtu aliyenyamazishwa, na filamu moja ya 2018 iliyorudia madai yake ikaondolewa Netflix mwaka 2019 baada ya madaktari kulalamika. Hakunyamazishwa. Alipimwa.

Na kabla hatujawacheka Wamarekani wa 1920, tuseme ukweli kuhusu nyumbani. Tanzania kuna kitu kinaitwa meno ya plastiki, wengine husema ya nailoni. Uganda wana ebinyo. Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, mtu anautazama ufizi wake, anaona uvimbe mweupe wa jino ambalo halijatoka, na kusema hilo ndilo linalomuumiza. Linachimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Hoja ni ileile ya Cotton: ugonjwa uko mbali, jino ndilo lililoonekana. Mtoto aliyehitaji maji ya chumvi na sukari anaongezewa kidonda, damu na hatari ya pepopunda. Mzazi naye, mtoto akipona, kama ambavyo watoto wengi wenye kuharisha hupona, anapata ushahidi wa kumsimulia jirani.

Nisieleweke vibaya. Jino bovu linaweza kuua kweli. Usaha wa gego la chini ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na bakteria wa mdomoni wanaweza kushambulia vali za moyo zilizokwisha kuharibika. Hilo ni maambukizi yasiyotibiwa, na ndiyo sababu ya kwenda hospitali leo badala ya mwezi ujao. Kung'oa nako ni tiba halali: jino likipasuka mpaka kwenye mzizi, au likabaki kibanzi kisichoweza kubeba kifuniko, mtaalamu yeyote mkweli atakuambia liende. Hoja yangu ni kwamba kati ya hayo mawili kuna meno mengi sana yanayokwenda bure.

Kama kazi yenyewe inakutisha, ijue ilivyo. Unapigwa ganzi, mpira wa Barnum unawekwa, jino linatobolewa juu. Mfereji unasafishwa kwa visindano ambavyo leo vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani, unaojikunja kufuata kona ya mzizi na kurudi ulivyokuwa; Harmeet Walia na wenzake walivijaribu mwaka 1988 kwa kutumia waya wa kunyooshea meno. Huko ndani panaoshwa kwa hipokloraiti, ndugu yake jiki ya kufulia (usijaribu nyumbani, tafadhali, ikitoka nje ya mzizi inaunguza vibaya). Kisha gutapacha. Gego lililotibiwa mara nyingi huvikwa kifuniko, kwa sababu limeshachimbwa na linaweza kupasuka ukitafuna mfupa. Isipofaulu mara ya kwanza, hurudiwa, au daktari huingia kwa upande wa ufizi na kukata ncha ya mzizi. Matundu ya huko chini huzibwa kwa saruji maalumu iliyoletwa na Mahmoud Torabinejad mwaka 1993, na asili yake ni saruji ya Portland, jamaa wa ile ya kujengea nyumba, iliyosafishwa. Inakaza hata penye unyevu.

Kuna kundi moja ambalo haya yote yalikuwa hayalifai: watoto wa miaka 8 mpaka 14 hivi, ambao jino la ukubwani limetoka lakini mzizi haujamaliza kukua. Kiini kikifa hapo, mzizi unabaki mfupi, kuta nyembamba kama ganda la yai, ncha imeachama. Mwaka 2001 Iwaya na wenzake huko Japani walieleza kuhusu msichana wa miaka 13 mwenye jino la namna hiyo, usaha unatoka kwenye ufizi. Waliosha bakteria kwa uangalifu bila kukwangua mfereji wote, wakaweka dawa ya kuua waliobaki, wakafunga juu, na sehemu kubwa ya ndani wakaiacha bila kujaza chochote. Yaani wakalitendea jino lile karibu na vile vyumba vya Bethesda vilivyowatendea panya. Eksirei ya mwezi wa 30 ilionyesha kuta za mzizi zimenenepa na ncha imefunga.